Nyuzi 70 kutoka wapi? Kisa cha mguu uliorudi kupinda, Goma

Mtoto wa kike, mwaka mmoja na miezi kumi. Mguu wake wa kulia ulizaliwa umepinda kwa ndani, ukatibiwa ukanyooka, kisha ukaanza kurudi. Kwenye karatasi ya rufaa aliyokuja nayo, penye nafasi ya sababu, mtu alikuwa ameandika: mzazi hamvalishi mtoto viatu. Sentensi fupi, isiyo na kipimo chochote pembeni yake. Haikuwa kweli. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ukweli ulikuwa mahali ambapo wengi wetu tunaowahudumia watoto hawa hapa Goma hatuangalii, yaani kwenye mstari ambapo pembe inaanza kuhesabiwa.

Wazazi wameridhia nisimulie. Jina la mtoto na mtaa wao nimeyaacha.

Mguu wa namna hii huzaliwa nao mtoto mmoja hivi kati ya elfu moja, wavulana karibu mara mbili ya wasichana, na kwa nusu ya watoto hao miguu yote miwili imepinda. Ni makosa manne yaliyofungamana: wayo umejikunja mno katikati, sehemu ya mbele imegeukia ndani, kisigino kimelala kwa ndani, na mguu mzima unaelekea chini bila kuweza kuinuka. Mtoto hana maumivu. Maumivu huja baadaye, anapoanza kutembea kwa ubavu wa mguu badala ya wayo, na katika mji huu ambao barabara nyingi za mitaani ni mawe ya volkano, ngozi ya ubavu huo haidumu. Mama naye huambiwa amerogwa, au amevunja mwiko alipokuwa na mimba. Hakuna alichovunja.

Njia ya kutibu inayotumika leo karibu dunia nzima ilibuniwa na Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914. Aliwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akakimbilia Ufaransa, akaenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani, alikofanyia kazi yake. Huwa nawaeleza wazazi historia hii, hasa wale waliolala kambini, kwamba aliyewatafutia watoto wao matibabu alikuwa mkimbizi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na madaktari wengi hawakumsikiliza. Waliendelea kupasua. Ilibidi yaje matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa miaka thelathini, yaliyochapishwa mwaka 1995, ndipo wakageuka.

Kazi yenyewe ni ya mikono na pembe. Kila wiki mguu unasukumwa taratibu kwenda nje, kidole gumba cha mtibabu kikizuia kichwa cha talusi, mfupa ulio juu ya ule wa kisigino, usizunguke nao, kisha unafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Goti likiachwa limenyooka, plasta inateleza, mguu unazunguka ndani yake na wiki nzima inapotea. Plasta tano au sita kwa kawaida zinatosha. Lengo si kuufikisha mguu pale unapoonekana umenyooka. Lengo ni kuupitisha hapo mpaka uelekee nje nyuzi 60 hadi 70. Mifupa ya kisigino na ya katikati ya mguu inazunguka pamoja chini ya talusi, kwa hiyo mbele ikienda nje vya kutosha, kisigino nacho kinanyooka chenyewe bila kuguswa. Mwisho kabisa, kwa watoto walio wengi, kano ya kisigino inakatwa kwa ganzi ndogo, na plasta ya mwisho inakaa wiki tatu huku mguu umeinuliwa nyuzi 15.

Hapo wazazi hudhani wamemaliza, kumbe safari ndefu ndiyo inaanza. Kano za upande wa ndani, zilizokuwa fupi tangu tumboni, zinaendelea kujikaza katika miaka ya mwanzo. Kinachozizuia ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, urefu wa chuma ukilingana na upana wa mabega ya mtoto. Miezi mitatu ya kwanza anavivaa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo ni usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka afike miaka minne au mitano. Aina inayoweza kutengenezwa kwetu, kwa ngozi, mbao na chuma cha kawaida, ilianzia Uganda kwa Michiel Steenbeek, na ndiyo aliyopewa mtoto huyu. Mguu uliokuwa mgonjwa unawekwa nyuzi 70 kuelekea nje, ule mzima nyuzi 30 hadi 40, na chuma kinapindwa kidogo ili vidole vikae juu kuliko kisigino.

Sasa mtoto wetu. Aliletwa ana wiki tatu. Alama zake za Pirani, kipimo cha dalili sita kinachoanzia 0 na kuishia 6, zilikuwa 5.5, yaani mguu mgumu sana. Plasta sita, kano ikakatwa, wiki tatu za plasta ya mwisho, akavaa viatu. Alipofika miezi kumi na minne alikuwa anatembea na wayo wote uko chini. Daftari lake la kliniki lilionyesha mguu unakwenda nje nyuzi 65 na kuinuka nyuzi 20. Hayo ni matokeo ambayo mtibabu yeyote angejivunia.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Familia ilivuka ziwa kwenda kwa ndugu zao kisiwani Idjwi, viatu vya mtoto vikiwa ndani ya beseni pamoja na sufuria na nguo. Vilifika, lakini chuma kilikuwa kimevunjika kwenye kiungio cha upande mmoja. Waliporudi Goma miezi kadhaa baadaye, kisigino cha mtoto kilikuwa kimeanza kuinuka anapotembea na vidole vya mguu wa kulia vilitazama ndani. Kituo cha karibu kiliwaandikia rufaa, na katika rufaa hiyo ile sentensi.

Nieleze kwa haki kwa nini sentensi ile huandikwa haraka. Mguu ukirudi, sababu iliyo ya kwanza kwa wingi ni kweli viatu kutovaliwa. Vitabu vyote vinasema hivyo na sisi tunaona hivyo. Shida ni kwamba sababu iliyo ya kawaida ikishazoeleka inakaa mahali pa uchunguzi. Mama anaulizwa, «unamvalisha?», anajibu ndiyo, na aliye mbele yake tayari ameshaamua kwamba anadanganywa.

Huyu mama aliniambia, «Dokta, tunamuvalishaka kila usiku. Hata ku Idjwi.» Baba alikaa kimya, akitazama sakafu. Nilimwomba avitoe viatu vyenyewe kwenye mfuko.

Ngozi ya ndani ilikuwa imeng'aa kwa jasho. Tundu moja la mkanda wa kiatu cha kulia lilikuwa limepanuka kwa kutumika, na tundu lililofuata lilikuwa limetobolewa kwa msumari, kwa sababu mguu ulikua na tundu la zamani halikutosha tena. Nyuma ya kisigino cha mtoto palikuwa na alama ya ngozi iliyokomaa, sawasawa na mahali ukingo wa kiatu unapokaa. Viatu vinavyolala mfukoni havina dalili hizo. Kwa mimi, suala la kuvaliwa au kutovaliwa lilikwisha hapo.

Kisha nikamvalisha, na hapo nikaona kitu ambacho hakipaswi kuwepo kabisa. Mguu mzima, wa kushoto, ulikuwa umegeuzwa nje kuliko mguu mgonjwa. Wa kulia, uliopaswa kuvutwa nje kwa nguvu, ulikuwa unatazama mbele, umependeza, umekaa vizuri. Mtoto hakulia hata kidogo. Mama alisema kwa furaha kwamba tangu chuma kitengenezwe upya amezoea, analala usiku kucha, wakati zamani alikuwa analalamika kila akigeuka. Alilala kwa sababu viatu havikuwa vinavuta chochote.

Nikaweka kipimapembe juu ya chuma. Kiatu cha kulia: nyuzi 20. Cha kushoto: nyuzi 50. Chuma chenyewe kimenyooka moja kwa moja, bila ule mpindo wa kuinua vidole.

Namba hizo mbili zilinisumbua kwa sababu hazikuwa ovyo. Mtu aliyechomelea kwa kukadiria angeweka chochote, au angeweka vyote sawa. Huyu alikusudia. Ndipo baba aliposema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja kulaumiwa, kwamba chuma kilipovunjika alipiga simu Goma mahali walipopewa viatu, akauliza vipimo. Aliyepokea alimjibu: wa kulia sabini, wa kushoto arobaini. Akaandika kwenye kiganja cha mkono. Akamtafuta fundi wa kuchomelea anayetumia jenereta sokoni, akaazima kipimapembe cha shule kwa mwanafunzi. «Fundi aliweka sabini, niliona na macho yangu,» alisema. «Tulipima mara mbili.»

Na ni kweli aliweka sabini. Weka chuma hicho mezani mbele yako, kikitoka kushoto kwenda kulia. Chora mstari unaokikata kwa pembemraba na kuelekea mbele. Mstari huo ndio sifuri yetu. Kiatu kinachotazama mbele kabisa kiko sifuri. Kiatu kilicholala sambamba na chuma, vidole vikitazama nje, kiko 90. Kiatu cha nyuzi 70 kimebakiza 20 tu kukilalia chuma. Lakini fundi hana mstari wa mbele. Huo mstari haupo, ni wa kufikirika, uko kichwani mwa mtibabu. Alichonacho fundi mkononi ni chuma, na kazi yake yote ya kila siku, madirisha, milango, viti vya pikipiki, inapimwa kuanzia kwenye chuma. Akaanzia hapo. Sabini kutoka kwenye chuma ni ishirini kutoka mbele. Arobaini kutoka kwenye chuma ni hamsini kutoka mbele. Namba zangu mbili, 20 na 50, zikawa zimeelezeka zote mbili kwa pamoja, na sikuhitaji ushahidi mwingine.

Matokeo yake kwa mwili yanafuata mantiki ileile ya matibabu, ila kwa kurudi nyuma. Mguu uliokaa nyuzi 20 usiku kucha unaziacha kano za ndani zijikaze. Sehemu ya mbele inapoingia, kisigino kinaifuata, maana vimefungwa pamoja. Na kwa kuwa chuma hakikuwa na mpindo, vidole havikuinuliwa, kano ya kisigino ikafupika pia. Vipimo vya siku ile vilikuwa hivi: mguu unakwenda nje nyuzi 30 badala ya 65, unainuka hadi usawa wa pembemraba na hauongezi hata nyuzi moja, alama za Pirani 2. Kila usiku ambao mama huyu alifunga mikanda kwa uaminifu, alikuwa anafunga mguu kwenye nafasi isiyo sahihi.

Kuna jambo jingine lililosaidia kosa hili lidumu miezi yote ile bila mtu kushtuka. Nafasi sahihi inaonekana vibaya. Mtoto aliyevaa viatu vya nyuzi 70 anaonekana kama aliyegeuzwa miguu, na majirani husema hivyo kwa sauti. Mama mkwe wa huyu mama alikuwa amelalamika tangu mwanzo kwamba hospitali inamfanya mjukuu wake awe na miguu ya bata. Chuma kiliporudi kutoka kwa fundi kikiwa na mguu unaotazama mbele, familia nzima ilipumua. Walidhani ni maendeleo. Ndiyo maana nasema kila mara kwa wanafunzi wa kine, yaani tiba ya viungo, wanaokuja kwetu kwa mafunzo: tusiishie kuwaambia wazazi namba, tuwaeleze kwa nini lazima tuupitishe mguu mbali kuliko macho yanavyopenda. Mzazi aliyeelewa hilo angekitilia shaka kiatu kilichopendeza.

Na hili si la miguu peke yake. Pembe nyingi katika hospitali zinasemwa zikiwa nusu. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, inadungwa kwa nyuzi 10 hadi 15, sindano ya msuli kwa nyuzi 90, na zote mbili zinahesabiwa kutoka kwenye ngozi. Kichwa cha kitanda cha mgonjwa anayepumua kwa mashine kinainuliwa nyuzi 30 hadi 45, zikihesabiwa kutoka kwenye usawa wa sakafu. Lakini mgonjwa akishateleza kuelekea miguuni mwa kitanda, kitanda kinasoma 30 na kifua chake kiko 10. Mgongo uliopinda unaitwa umepinda kuanzia nyuzi 10, kwa mistari inayochorwa juu ya picha ya eksirei kwenye pingili zilizolala zaidi, si kwa jicho linalotazama mabega. Wauguzi wanajua mistari hii kwa mazoea, mikono yao imeshaizoea, kwa hiyo hawaitaji. Shida inaanza pale namba inapotoka nje ya mikono hiyo, kwenye simu, kwenye kiganja cha baba, kwenye karakana.

Kwa hiyo simlaumu fundi, na simlaumu baba. Baba alifanya zaidi ya wazazi wengi: alitafuta kipimo, akasimamia kazi, akalipa. Aliyepokea simu alitoa namba sahihi. Kilichokosekana ni maneno mawili tu, «kutoka mbele», na kwa yule asiyekuwa na picha kichwani hata hayo yasingetosha.

Kwenye faili niliifuta ile sababu kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, nikaandika juu yake: viatu vimevaliwa ipasavyo, pembe ya kiatu cha kulia nyuzi 20, iliyotakiwa 70. Nikamsomea mama. Alilia. Kumbe ile karatasi alikuwa ameisoma kabla hajaileta, akaibeba hivyohivyo mpaka kwetu kwa sababu bila rufaa asingepokelewa. Hapo ndipo nilipoona uzito wa sentensi tunazoandika kwa haraka.

Matibabu ya kurudia hayakuwa ya ajabu. Kwa umri wake mguu bado unasikiliza plasta. Tulifunga tatu, kila moja wiki mbili, goti nyuzi 90 kama kawaida. Ya tatu ilipotolewa, mguu ulikuwa unakwenda nje nyuzi 60, ila ulikuwa umekwama kwenye nyuzi 5 za kuinuka, na nyuzi 5 hazimtoshi mtoto anayekimbia. Kano ya kisigino ikakatwa kwa mara ya pili, wiki tatu za plasta, tukapata 15. Alama za Pirani zilishuka hadi 0.5, ule mkunjo mdogo wa nyuma ya kisigino ukiwa ndio uliobaki.

Viatu vipya vilikuwa vita. Usiku wa kwanza alilia hadi saa tisa, na wa pili karibu hivyo. Safari hii mama alijua kwamba kilio kile kinamaanisha kiatu kinavuta, akatofautisha mwenyewe kati ya kulia kwa kubanwa ngozi, ambako lazima kiatu kivuliwe kitazamwe, na kulia kwa kukasirikia chuma. Baada ya wiki akazoea, kweli safari hii.

Tulichobadilisha kwetu ni kidogo na hakigharimu kitu. Hatutoi tena namba kwa simu. Kila mtoto anapopewa viatu, tunavilaza juu ya karatasi kubwa, tunachora chuma chenyewe kwa kalamu, kila kiatu kinapoelekea, na mshale mmoja mkubwa wa mbele. Pembeni tunachora pia chuma kikitazamwa kutoka mbele, ili mpindo uonekane. Mzazi anaondoka na karatasi, na tunampiga picha nayo kwa simu yake mwenyewe, kwa maana karatasi hupotea na hulowana. Chuma kikivunjika, fundi analaza kazi yake juu ya mchoro. Hahitaji kujua nyuzi ni nini.

Kwa mzazi ambaye mchoro wake umepotea, kuna njia ya nyumbani. Chukua karatasi yoyote ya daftari. Kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo igawanyike sehemu tatu sawasawa, utapata mikunjo miwili inayoigawa 30, 30, 30. Ikunjue, weka kona katikati ya kiatu, ukingo mmoja ufuate mstari wa chuma kuelekea nje, ukingo wa pili utazame mbele. Kiatu cha mguu mgonjwa kinapaswa kupita mkunjo wa pili kuhesabu kutoka mbele, yaani kiwe karibu na chuma kuliko mbele. Kisipofika hapo, leta viatu hata kama siku ya kliniki bado.

Mtoto sasa anakuja kila baada ya miezi mitatu, na viatu vinabadilishwa kadiri mguu unavyokua, chuma kikirefushwa kufuata mabega. Akikaribia miaka mitatu tutatazama anavyoinua mguu anapotembea. Kama wayo utakuwa bado unageukia ndani kila anapouinua, kuna upasuaji wa kuhamisha kano ya msuli wa mbele ya muundi na kuipeleka upande wa nje, na hauwezi kufanywa mapema kuliko hapo kwa sababu mfupa utakaoipokea kano hiyo lazima kwanza ukomae. Huenda asiuhitaji. Katika ziara ya mwisho baba aliomba mchoro wa pili, mkubwa zaidi, wa kumpelekea fundi wa Idjwi, kwa sababu kuna mtoto mwingine kule mwenye viatu vya namna hii na chuma chake kimeanza kulegea. Tumemchorea, na chini ya mshale tumeandika namba ya simu ya kliniki.